Mpiga Chapa wa Baba

Borås, Uswidi
3 Septemba 1997

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Ndege tatu na treni moja, na begi langu lilipotea siku mbili kisha likaletwa mlangoni na mtu aliyeniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyelipoteza.

Hapa nitakapojitolea mwaka mzima ni kituo cha vijana kilichomo ndani ya kiwanda cha nguo cha zamani. Mji huu wote ulikuwa wa viwanda vya nguo, Baba, kama kwetu. Vilifungwa sijazaliwa. Palipokuwa na mitambo ya kufumia sasa pana kompyuta kumi na nne, kamera za video, chumba cha kurekodi muziki na meza ndefu ya kuchorea katuni. Watoto wakitoka shule wanakuja kutengeneza wanachotaka: wimbo, filamu ya dakika mbili, mchezo wa kompyuta. Hakuna mtihani wala kengele. Mkuu wa kituo ni mama anayeitwa Kerstin, nywele zake fupi kuliko zako. Nilipomwambia mimi ni fundi redio, na kwamba nilifundishwa na baba yangu kabla ya chuo cha ufundi, alifurahi.

Nimepewa darasa langu, Jumanne na Alhamisi, vijana kumi na mmoja. Mambo ni mazuri.

Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie unakula nini.

Mwanao,
Mwaisha


Kihonda, Morogoro
29 Septemba 1997

Mwaisha wee,

Barua imefika. Nimeisoma palepale posta nimesimama, nikaja kuisoma tena nyumbani. Jana nimekula ugali kwa mchicha, juzi ugali kwa maharage, leo sijaamua.

Mwandiko usiucheke, kalamu hii inavuja.

Kazi ipo, ila redio za siku hizi! Tangu milango ya biashara ifunguliwe zinaingia kutoka Dubai makontena kwa makontena, nyepesi kama kiberiti. Ikinyamaza mtu anaitupa, ananunua nyingine. Wanaoniletea kazi ni wazee wenzangu wenye redio za mbao. Hapa mezani ninayo ya Fransisko wa Matombo, inaongea kama mtu mwenye mafua.

Hilo darasa lako unafundisha nini hasa? Waanzie kulehemu. Asiyejua kulehemu asiguse kitu. Watu wote wa huku nimewaambia mwanangu ameitwa Ulaya kufundisha ufundi. Kila siku wananiuliza habari zako, mimi sina la kuwaambia.

Baba yako,
Abeid


Borås
2 Novemba 1997

Baba,

Shikamoo. Theluji imeanguka leo asubuhi. Haina kelele, hicho ndicho kilichonishangaza. Mvua ya Uluguru unaisikia tangu ikiwa mlimani. Hii unafungua pazia tu unakuta imeshamaliza kazi.

Darasa linaendelea. Ndiyo, tumeanza na mambo ya mwanzo. Siandiki sana maana vidole vimeganda.

Nakukumbuka. Chumba changu kina redio mpya nzuri, na haina kosa lolote, kwa hiyo sina cha kuifanyia.

Mwaisha


Kihonda, Morogoro
5 Desemba 1997

Mpendwa Binti Mwaisha,

YAH: HALI YA NYUMBANI

Rejea barua yako ya tarehe 2 Novemba, iliyopokelewa tarehe 24 mwezi huo huo. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu yako.

Bila shaka utashangaa kuona barua hii imepigwa chapa. Yupo mteja aliyeleta mashine yake ya chapa kwa matengenezo, nami naijaribu ili kuthibitisha kwamba herufi zote zinafanya kazi.

Mvua za mwaka huu zimevuka kiwango cha kawaida. Barabara ya Matombo haipitiki kutokana na kuharibika kwa daraja. Aidha, ndizi zimekuwa adimu sokoni.

Kuhusu afya yangu, ni ya kuridhisha kwa ujumla.

Mwaisha wee, hiyo theluji usiichezee, vaa soksi mbili mbili na kichwa ufunge.

Wako,
Abeid Mlanzi


Kihonda
11 Januari 1998

Dada Mwaisha,

Mambo vipi? Huku kwetu poa, ila mvua imetukomesha. Banda langu la kunyolea limeingia maji mara mbili, wateja wananyolewa wamekunja suruali.

Sikupenda kukuandikia ila naona nikikaa kimya utakuja kunilaumu. Duka la mzee lipo mbele yangu, si unajua. Tangu kabla ya Krismasi limefungwa. Kuna mama mmoja mgeni, mtu mzima, anakuja na ufunguo wake, anaingia, anatoka na redio kwenye kapu. Nimemhesabia redio saba. Mzee anakaa ndani, hatoki. Nikimpigia hodi ananijibu kupitia dirishani kwamba hajambo.

Simsemi mtu vibaya. Nakwambia nilichokiona.

Ignas, kinyozi


Borås
1 Februari 1998

Baba,

Shikamoo. Barua hii nataka uisome peke yako.

Barua zako za Desemba na Januari si zako. Wewe hujawahi kuandika "aidha" maishani mwako. Hujawahi kuwa na afya "ya kuridhisha kwa ujumla". Katika kurasa mbili nimekupata kwenye mstari mmoja tu, ule wa soksi, na nimeusoma mpaka karatasi imelegea.

Nimesikia kuna mwanamke anaingia dukani na ufunguo wake na kubeba redio za watu. Ni nani? Marehemu mama alipofariki uliniambia hakuna mtu atakayeshika ufunguo ule isipokuwa mimi na wewe. Kama mwanamke huyo ndiye anayekaa kwenye mashine na kuandika kwa jina lako, basi si redio tu anazokuibia, anaiba mpaka maneno yako. Mtu wa namna hiyo hatosheki na duka. Kesho ataitaka nyumba.

Nakuomba umnyang'anye ufunguo leo. Nijibu kwa mkono wako, hata mistari miwili.

Mwaisha


Kihonda, Morogoro
23 Februari 1998

Mwanangu Mwaisha,

Assalaam aleikum. Mimi ni Shamsia binti Omari. Ndiye mwanamke unayemwandika.

Barua yako ya tarehe 1 Februari nimemsomea baba yako mimi mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine wa kumsomea na yeye hawezi. Baba yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kuona ukungu kabla hujaondoka akakuficha, maana alijua ungeahirisha safari. Ile barua yake ya Septemba aliiandika siku tatu, ameinamia karatasi mpaka pua inagusa.

Mimi huwa nakaa kwenye baraza karibu na posta na mashine yangu ya chapa, naandikia watu barua. Nilikuwa mpiga chapa wa kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa mpaka tulipopunguzwa kazini. Novemba alikuja na barua yako mkononi, akaniambia amesahau miwani. Nikamsomea. Siku ya pili akaja na barua ileile, miwani amesahau tena. Mara ya nne nikamwambia, "Mzee, miwani huna." Akacheka, akakaa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa siku ya barua yako. Uliandika aisome peke yake. Nilimsomea hata mstari huo, nikamuuliza, "Nimwite nani basi?" Akasema, "Peke yangu ndiyo hivi, mimi na wewe. Endelea." Nikaendelea. Nilipofika kwenye maneno ya kuiba nikasimama.

"Mbona umenyamaza?"

"Nameza mate."

"Soma."

Nikasoma mpaka jina lako pale mwishoni. Akaniuliza, "Umeongeza neno?" Nikasema sijaongeza. "Umepunguza?" Sijapunguza. Akasema, "Basi huyo ni mwanangu kweli, hasira zile ni za mama yake." Kisha akaniambia, "Lakini ungeweza kuruka, Bi Shamsia. Nisingejua."

Ni kweli ningeweza. Ila orodha ya waliopunguzwa pale kiwandani niliipiga chapa mimi. Watu mia na sitini, niliokuwa nikila nao, na jina langu lilikuwa la arobaini na mbili. Nililipiga kama mengine. Nikijizoeza leo kuruka yanayoniuma, kesho nani atanipa barua yake nimsomee?

Kuhusu redio. Zote zilizokuwa dukani zimerudi kwa wenyewe. Baba yako hakutaka vitu vya watu vikae kwa fundi asiyeona. Kila moja aliisikiliza, akanitajia ugonjwa wake, nikauandika kwenye kikaratasi na kukibandika nyuma ili fundi mwingine asihangaike. Ya mzee Fransisko nimeipeleka Matombo kwa miguu kutoka pale daraja lilipokatika. Alinipa mkungu wa ndizi, tumekula wiki nzima.

Kuhusu "aidha", hilo ni kosa langu. Yeye husema neno moja, vidole vyangu vinaandika la ofisini.

Sikukasirika. Yaani nilikasirika siku mbili, kisha nikajiuliza: kama ningekuwa na binti mbali hivyo, ningependa asiulize? Ufunguo nimemrudishia baba yako. Umo mfukoni mwake. Jana amenipa tena, nimekataa mpaka utakapojibu.

Shamsia Omari


Borås
15 Machi 1998

Bi Shamsia, na Baba,

Shikamooni.

Bi Shamsia, nimeanza barua hii mara sita. Nisamehe. Nilikuita mwizi nawe ukamsomea Baba maneno yangu bila kuyapunguza makali. Sijui mtu mwingine ambaye angefanya hivyo, na mimi nisingeweza. Tafadhali pokea ufunguo. Na Baba, kunificha macho yako! Ningekuwa karibu ningekununia mwezi mzima.

Lakini na mimi nimeficha. Bi Shamsia, msomee yote.

Baba, sikuwa nafundisha ufundi. Watu walionileta waliandika kwenye fomu kwamba nimekuja kwa ajili ya "utamaduni wa Afrika". Siku ya kwanza Kerstin alinifungulia chumba chenye ngoma sita, akasema, "Darasa lako hili." Mimi! Unajua sijawahi kupiga hata debe. Nilishindwa kukataa, watu walikuwa wamepanga viti tayari. Miezi minne nimepiga ngoma vibaya mbele ya watoto waliodhani ndivyo zinavyopigwa. Nikipita chumba cha kurekodi naona mashine zimefunguliwa, naficha mikono mfukoni. Wewe ulikuwa umeshawaambia watu Kihonda nzima. Nitakwambiaje kwamba napiga ngoma?

Januari, siku moja kabla ya onyesho lao la majira ya baridi, mashine ya kuchanganyia sauti ilikufa. Walikuwa wanapiga simu kutafuta nyingine ya kuazima. Kuna msichana wa miaka kumi na tano kwenye darasa langu, anaitwa Elin, haongei na mtu. Shule aliacha kwenda. Alikuwa amekaa chini analia, kwa sababu wimbo wake ulikuwa wa kwanza kwenye ratiba. Nikachukua bisibisi. Kerstin akasema, "Hapana, hiyo ya bei kubwa, ngoja fundi." Nikamwambia, "Fundi ni mimi. Niliwaambia tangu nafika." Nikaifungua juu ya meza. Risasi ya kulehemu ilikuwa imeachia kwenye waya wa swichi, kosa la dakika tano, ulinifundisha nikiwa darasa la sita. Ilipowaka hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wananitazama tu. Elin ndiye aliyesema, "Nionyeshe ulivyofanya."

Tangu hapo chumba cha ngoma kimekuwa karakana. Watu wanatuletea vitu vilivyokufa: midoli inayoongea, simu, redio, vinanda vya watoto. Tunafungua, tunaunganisha upya, tunavifanya vitoe sauti ambazo aliyevitengeneza hakuziwaza. Kerstin aliniomba radhi mbele ya wote, akaandika mlangoni: KARAKANA YA MWAISHA. Watoto hawa wanajua kompyuta kuliko mimi, lakini walikuwa hawajawahi kuona ndani ya kitu. Walidhani ndani hakuna mtu anayeruhusiwa kufika.

Nimemuuliza Kerstin kama tiketi inaweza kubadilishwa nirudi Aprili. Inaweza.

Naambatanisha kaseti. Kuna kinanda cha umeme cha zamani kinachonguruma, na nimeshindwa. Nimekurekodia ngurumo yake, ya juu na ya chini. Baba, sikiliza.

Mwaisha


Kihonda, Morogoro
10 Aprili 1998

Mwaisha wee,

Nimemwambia Bi Shamsia leo aandike ninavyosema, neno likitoka limetoka. Ameapa. (Nimeapa. S.)

Kwanza, kurudi usirudi. Mwaka uliahidi mwaka umalize. Wewe ukirudi sasa macho yangu yatakuwa hivihivi, na hao watoto umewaacha wamefungua vitu wasivyoweza kufunga. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni mwezi wa tano. Bi Shamsia ameshaniandikisha, mimi ni wa kumi na moja. (Wa tisa. S.)

Pili, hizo ngoma. Nimecheka mpaka Ignas ameacha kichwa cha mtu nusu amekuja kuuliza kuna nini. Watu wamenishika, wanataka niwahadithie tena. Ungenieleza tangu Septemba ningecheka miezi saba badala ya siku mbili.

Tatu, kaseti. Nimeisikiliza mara tatu. Ngurumo hiyo ni moja tu, haibadiliki hata unapopunguza sauti. Umesikia? Haibadiliki. Huo ni umeme usiochujwa. Angalia karibu na transfoma, kuna kapasita kubwa kuliko zote, imekauka. Ibadilishe. Kabla hujaigusa itoe chaji, itakurusha mpaka Morogoro.

(Mwanangu, naongeza langu kwa ruhusa yake. Kaseti ilipofika alikuwa hajavaa viatu siku kumi na mbili. Alipoambiwa ina nini aliomba viatu, akaomba apelekwe dukani, akakaa kwenye kiti chake cha kazi ndipo akasikiliza. Mwisho wa kaseti wale watoto waliposema kwa pamoja "Shikamoo Baba Abeid" aliitikia marahaba kwa sauti, kila mara. S.)

Baba yako,
Abeid


Kihonda
7 Juni 1998

Mwaisha mwanangu,

Barua hii naandika mimi, kwa mkono, na aliyezoea kuandika hajui. Ignas atanipelekea posta.

Jicho la kulia limefanyiwa kazi tarehe 19 Mei, la kushoto litafuata. Walipofungua bandeji nikaona kwanza ukuta, na ufa kwenye ukuta, nikaufurahia ule ufa. Nje nikaiona milima. Nilikuwa najua ipo, naisikia mvua yake, lakini kuiona na mashamba ya watu yamepangwa hadi juu nilikaa chini kwenye ngazi za hospitali.

Bi Shamsia alikuwa amesimama pembeni na kapu. Kwa sauti yake nilidhani ni mtu mwembamba. Si mwembamba. Akaniuliza, "Vipi, mzee?" Nikaanza kumweleza habari za ule ufa, mimi ninayemsemesha miezi saba.

Nataka kumuoa, Mwaisha. Yeye mjane, mimi mjane. Sijamwambia. Naogopa mambo mawili: akikataa nitakosa hata wa kupiga naye soga. Na wewe. Mama yako sijamsahau na sitamsahau, hilo Bi Shamsia analijua, nimemhadithia yote. Ukisema hapana nitakaa kama nilivyo, wala sitakulaumu.

Jibu upesi, maana nakutana naye kila siku na uso wangu unanisaliti.

Baba


Borås
28 Juni 1998

Kwa Bi Shamsia Omari,

Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimevaa gauni langu zuri, ingawa nimekaa peke yangu chumbani, kwa sababu barua ya namna hii haiandikwi na mtu aliyevaa ovyo.

Niruhusu nitoe habari kwanza. Jumamosi ya juma lililopita ilikuwa siku ya maonyesho ya kituo. Kapasita ilikuwa imekauka kweli, Baba alisikia sawasawa. Elin ndiye aliyeibadilisha, akakipiga kinanda kile mbele ya watu mia tatu, na nyuma yake midoli thelathini iliyokufa ikawa inaimba. Mama yake alikuwa mstari wa mbele. Baada ya hapo Kerstin aliniita akaniomba nibaki mwaka wa pili. Nilifikiri siku tano. Napapenda hapa, sikudhani nitapapenda. Lakini Elin sasa anawafundisha wenzake kulehemu, nimemsikia akimfokea mmoja kwa maneno yangu mwenyewe. Narudi Agosti. Huko kwetu redio za Dubai zinatupwa kila kona, na vijana wamekaa. Nataka nifungue duka lile mlango wazi, waingie wavunje na wajenge. Nitahitaji mtu wa kuniandikia barua za kuombea vibali, na nimesikia anajua kuandika "aidha".

Sasa lililonikalisha kitako.

Najua desturi. Posa huenda kwa kaka yako, hupelekwa na wazee, na mzee wa ukoo wetu, Athanas, na shangazi watafika kwenu kwa heshima zote. Lakini baba yangu ana woga ambao sikuujua, na mimi ndiye niliyekukosea kwa barua. Nimeona ni haki niwe wa kwanza kukuomba kwa barua.

Mimi, Mwaisha binti Abeid, nakuomba uolewe na baba yangu. Ni mkaidi, hanunui kalamu nzuri, na akiwa anasikiliza redio haitiki hata nyumba ikiungua. Sina sifa nyingine ya kumwongezea ambayo huijui. Ukikubali, nitafurahi. Ukikataa, ufunguo wa duka ni wako bado.

Hajui kwamba nimekuandikia. Usimsomee.

Mwaisha


Kihonda, Morogoro
17 Julai 1998

Binti Mwaisha Abeid,
Borås, Uswidi

YAH: OMBI LA NDOA

Rejea barua yako ya tarehe 28 Juni 1998 yenye kichwa cha habari kinachofanana na hicho hapo juu, ingawa hukukiandika.

Napenda kukufahamisha kwamba ombi lako limepokelewa, limesomwa mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na limekubaliwa. Kaka yangu amearifiwa na anawasubiri wazee.

Aidha, mhusika mkuu bado hajafahamishwa. Jana alikuja barazani akasema ana neno, akakaa nusu saa akizungumzia bei ya nyanya, akaondoka. Leo asubuhi kaja tena. Ninapoandika haya amesimama ng'ambo ya barabara, amevaa kanzu ya Idi, na anapiga hatua mbili mbele, moja nyuma. Nimeamua kutomsaidia. Nataka aseme mwenyewe.

Nasitisha hapa. Amevuka.

Shamsia